Uwazi na Sitara: Intaneti na Hesabu za Watu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama na wageni siku ya maadhimisho ya miaka kumi ya kikundi)



Napenda kwanza kuwashukuru kwa kunialika. Kamati ya maandalizi iliniambia hivi: njoo utuzungumzie habari ya intaneti, na jinsi inavyofanya vyama, ofisi na jamii nzima kuwa wazi zaidi. Nikauliza, siku ya sherehe? Nikaambiwa ipo ajenda inayowagawa wanachama, nayo ni kama daftari la kikundi lihamie kwenye simu au libaki sandukuni. Wapo wanaosema tumechelewa, dunia imetuacha. Wapo wanaosema mambo yetu yataanikwa kama nguo, kila mpita njia ajue nani anadaiwa. Basi nitasema ninayoyajua, na mwishoni nitasema upande wangu, maana si vizuri mtu kula pilau ya watu halafu akajifanya hana upande.

Tuanze na sanduku lenyewe. Sanduku la kikoba lina kufuli tatu. Funguo zinakaa kwa watu watatu, na yule anayelala na sanduku nyumbani kwake hana hata ufunguo mmoja. Fedha hazihesabiwi chumbani, zinahesabiwa mbele ya macho ya wote, na muhuri unagongwa kwenye kitabu cha hisa mwenye kitabu akiwa anatazama. Mkutano ukifungwa, salio linatajwa kwa sauti, na mkutano unaofuata mtu yeyote anaweza kuulizwa: haya, mama fulani, tuliacha shilingi ngapi? Utaratibu huu haukubuniwa na benki. Ulianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, pale shirika la CARE lilipofanya kazi na akina mama wa vijijini ambao wengi wao hawakujua kusoma wala kuandika. Walichokuwa nacho ni macho, masikio na kumbukumbu. Wakafanya hesabu ziwe za kukumbukwa na watu wengi kwa pamoja, ili asipatikane mmoja wa kuzipotosha.

Kwa hiyo asije mtu akawaambia kwamba uwazi umeletwa na intaneti. Uwazi mnao tangu siku ya kwanza. Intaneti imeleta kitu kingine: imefanya macho yaliyo mbali yaweze kuona. Mtu wa Tandahimba aone karatasi iliyoko Dodoma bila kupanda basi. Hilo si dogo hata kidogo, lakini si sawa na lile la sanduku, na tusipolitofautisha tutapotea.

Nitawapa mfano wa jirani zetu wa Uganda, kabla intaneti haijafika vijijini. Miaka ya 1991 hadi 1995, serikali ya kule ilikuwa inatoa fedha za kuendesha shule za msingi, kiasi fulani kwa kila mtoto. Wataalamu walipozifuatilia walikuta kwamba kwa wastani shule zilipata shilingi 13 tu katika kila shilingi 100 zilizotolewa. Kumi na tatu! Zilizobaki ziliishia njiani, huko wilayani. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichopelekwa kila wilaya, kisha shule nazo zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Ilipofika mwaka 2001, zaidi ya shilingi 80 katika kila 100 zilikuwa zinafika. Wapo waliosema baadaye kwamba gazeti peke yake halikufanya kazi hiyo yote, kulikuwa na mabadiliko mengine serikalini, na mimi naona wana haki kusema hivyo. Lakini mwalimu mkuu anayejua kwamba mzazi amesoma kiasi kilichotumwa, huyo hazungumzi na mzazi kama alivyozungumza jana.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa India, katika jimbo la Rajasthan, nao naomba mnivumilie niueleze kirefu.

Mwaka 1990 wakulima na vibarua wa huko walianzisha chama chao, kinaitwa kwa kifupi MKSS. Miongoni mwa waanzilishi alikuwa mama mmoja, Aruna Roy, ambaye alikuwa na cheo serikalini akakiacha miaka mingi nyuma akaenda kuishi na watu wa vijijini. Sasa kule kuna ukame, na wakati wa ukame serikali ilikuwa inatoa kazi za kibarua: kuchimba mabwawa, kutengeneza barabara. Wanawake wengi walifanya kazi hizo. Malipo yakija yamepungua. Wakiuliza, wanaambiwa daftari linaonyesha hukumaliza kazi. Wakiomba kuliona daftari, wanaambiwa ni siri ya serikali. Siri! Jina la mtu mwenyewe na kazi ya mikono yake mwenyewe, anaambiwa ni siri asiione.

Desemba 1994 wakaanza kuitisha mikutano ya hadhara. Wanatandika, wanakaa, karatasi walizofanikiwa kuzipata zinasomwa kwa sauti. Jina la kwanza, mtu amesimama: mimi sikufanya kazi siku hiyo, sikulipwa. Jina la pili, watu wanaangua kicheko: huyo mbona alishafariki? Linasomwa jengo lililolipiwa fedha, na kila mtu pale anajua kwamba hakuna jengo. Hakuna aliyehitaji kuwa mhasibu. Kilichohitajika ni karatasi isomwe mbele ya watu wanaoijua kweli. Mwaka 1996 wakakaa barabarani siku 40 katika mji wa Beawar, wakidai haki ya kuona na kupata nakala za hesabu. Wauza mboga wa mjini wakawaletea chakula. Wito wao ulikuwa kwa lugha yao: hamara paisa, hamara hisaab. Naona mmeshaelewa kabla sijafasiri! Paisa ni pesa, hisaab ni hesabu. Maneno haya yalivuka bahari na majahazi zamani za mababu, yakaingia kinywani mwetu. Pesa zetu, hesabu zetu.

Kutokana na harakati hizo, Rajasthan ilipata sheria ya haki ya kupata taarifa mwaka 2000, na India nzima mwaka 2005. Hapo ndipo intaneti ikaingia. Orodha za vibarua wa kazi za umma zikawekwa mtandaoni, kijiji kwa kijiji, jina kwa jina. Mwaka 2019 jimbo la Rajasthan likafungua tovuti moja inayoweka taarifa za mipango mbalimbali ya serikali, mtu aone nani katika kata yake ameandikiwa nini, bila kuandika barua ya maombi. Angalieni mpangilio huo, ndugu zangu: kwanza walikaa kwenye vumbi, kisha sheria, kisha kompyuta. Nchi nyingi zinataka kuanza na kompyuta.

Nirudi nyumbani. Tuliokuwepo miaka ya hayati Mzee Mkapa tunayakumbuka maneno "Uwazi na Ukweli", yalivyokuwa yakisemwa redioni kila siku. Wakati ule ukitaka kujua serikali imetumia nini, usubiri usomewe. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, tunayemwita CAG, ilikuwa ya wakubwa. Siku hizi, kila mwaka ikishawasilishwa bungeni, inawekwa kwenye tovuti ya ofisi yake, na mtoto wako wa kidato cha nne anaweza kuipakua kwenye simu akatafuta jina la halmashauri yenu. Matokeo ya darasa la saba ni vivyo hivyo: unachagua mkoa, unachagua wilaya, unachagua shule. Zamani tulisukumana kwenye ubao. Tangu mwaka 2016 tunayo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, ambayo inampa mwenye ofisi siku 30 za kukujibu ukimwandikia. Ni wachache wanaoitumia, na hilo ni jambo la kusikitisha.

Sasa yapo mawili yanayowagusa moja kwa moja. La kwanza ni ile asilimia 10. Mnajua kwamba halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2018 jambo hilo liliingizwa katika sheria. Vikundi vikakopa. Vingine vikarejesha, kama ninyi mnavyojijua. Vingine havikurejesha, na vingine, kwa mujibu wa ukaguzi, havikuwepo kabisa. Vikundi hewa. Mwezi Aprili 2023 serikali ikasimamisha mikopo ile nchi nzima ili utaratibu utazamwe upya, na haikurejea mpaka mwaka 2024. Nani aliumia? Aliyekula hakuumia. Aliumia mama ambaye maombi yake yalikuwa safi. Sasa maombi yanapitia mfumo wa kielektroniki, na kikundi kinasajiliwa humo pamoja na wanachama wake.

Je, hilo latosha? Mimi nasema ni nusu ya njia. Mfumo unamwezesha ofisa kuiona orodha. Lakini ofisa wa wilaya atajuaje kama kikundi fulani cha mtaa wa pili kipo au hakipo? Anayejua ni mama muuza maandazi wa mtaa wa pili. Orodha ya waliokopeshwa ikibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtaa, na isomwe kwenye mkutano wa mtaa kama walivyofanya wale wa Rajasthan, kikundi hewa hakitapona wiki mbili. Mheshimiwa Mwenyekiti wa mtaa, umekaa karibu yangu, naomba hili ulichukue.

La pili ni zabuni. Sheria ya ununuzi wa umma inataka asilimia 30 itengwe kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Zamani tangazo la zabuni ulilipata kwa kumjua mtu, au gazeti ambalo limekwisha kufungia samaki. Tangu mwaka 2023 kuna mfumo unaoitwa NeST, ambamo taasisi za serikali zinatangaza zabuni zao. Ninyi mnaoshona sare na mnaopika kwenye semina, hilo ni lenu. Lakini lazima kikundi kisajiliwe, kiwe na namba ya mlipa kodi, na awepo mtu wa kufungua ule mfumo mara kwa mara. Mlango uko wazi, ila hauji kukugongea.

Kuna watu wanaodhani uwazi unamaliza ugomvi. Haumalizi. Kenya, mwaka 2017, Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais, na moja ya mambo yaliyoiudhi ni kwamba tume ya uchaguzi haikufungua kompyuta zake kama ilivyoamriwa. Uchaguzi mkuu uliofuata, Agosti 2022, tume iliweka mtandaoni fomu za matokeo za vituo vyote, zaidi ya 46,000, kila mwenye simu akajumlisha mwenyewe. Wakaacha kugombana? Wapi! Makamishna wanne kati ya saba walimkana mwenyekiti wao, kesi ikaenda mahakamani, na Septemba matokeo yakathibitishwa. Tofauti ni kwamba safari hii waligombana huku karatasi iko mezani, kila mmoja anaiona. Waliowahi kugombana kwenye kikoba bila daftari wanajua ninachosema.

Nimesifu sana. Sasa upande wa pili.

Sisi tuna neno sitara. Mtu ana haki ya kusitiriwa. Mwenye shida akija kukopa, akichelewa kulipa kwa sababu mtoto amelazwa, hilo si tangazo. Sasa zilikuja programu za mikopo kwenye simu. Unaomba shilingi elfu hamsini, unapata kwa dakika tano, na bila wewe kufikiri umeziruhusu zisome majina yote yaliyomo kwenye simu yako. Ukichelewa siku moja, ujumbe unakwenda kwa mkwe, kwa mwajiri, kwa mchungaji, kwa jirani: fulani ni tapeli, mwambieni alipe. Watu wamedhalilika. Ndoa zimetikisika. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zikifanya biashara hiyo bila leseni. Kausha damu ya simuni, hakuna jina jingine.

Tazameni sasa ajabu yake. Mkopaji ameanikwa mpaka kwa mkwe wake. Mkopeshaji je? Hujui ofisi yake, hujui mmiliki, hujui hata nchi anayokaa. Aliye dhaifu yuko uchi, aliye na nguvu amejifunika blanketi. Huo si uwazi, ni kinyume chake, japo intaneti ni ile ile. Kwa hiyo mtu akiniambia chama fulani kiko wazi, mimi nauliza: nani anaonekana, na nani anatazama?

Estonia, nchi ndogo ya Ulaya ya kaskazini, wameligeuza jambo hili vizuri. Huko serikali inaendesha mambo yake mengi kwa intaneti, na mwananchi anaweza kuingia akaona ni ofisi gani imefungua taarifa zake na lini. Ukinichungulia, nami nakuona unavyonichungulia. Kwetu tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, na Tume yake ipo. Ukidhalilishwa hivyo, una pa kwenda. Msikae kimya.

Jambo jingine, na hili nalipitia haraka. Intaneti ina swichi, na swichi haiko mikononi mwenu. Uganda waliizima Januari 2021 wakati wa uchaguzi. Hapa kwetu ilizimwa siku ya uchaguzi tarehe 29 Oktoba 2025, ikakaa siku kadhaa. Waliokuwa na kila kitu mtandaoni walikaa wakitazama kioo cha simu. Daftari halizimwi. Na hata siku ambazo haikuzimwa, bado kuna bando, kuna chaji, na kuna mama mwenye simu ya kitochi ambaye hisa zake ni sawa na za mwenye simu janja. Kama hesabu zitahamia mahali ambapo yeye hawezi kuziona, mtakuwa mmeongeza uwazi kwa wengine na kumfungia yeye mlango. Hapo nitawapinga.

Basi nilisema nitataja upande wangu. Daftari liende kwenye simu, na lile la karatasi libaki sandukuni, liandikwe kama kawaida, na salio liendelee kutajwa kwa sauti kila mkutano. Ukiingia ubishi, la karatasi ndilo lisomwe.

Kwenye kundi la WhatsApp la wanachama zitumwe jumla: jumla ya hisa, jumla ya mikopo iliyo nje, faini zilizokusanywa, kila shilingi ambayo viongozi wametumia na risiti yake ipigwe picha. Nauli ya Katibu kwenda halmashauri, itumwe. Soda za wageni, zitumwe. Viongozi watalalamika kidogo, lakini wakumbuke kwamba risiti iliyokwisha kuonekana ndiyo inayomkinga kiongozi siku akisingiziwa. Majina ya wanaodaiwa yasitumwe. Hayo yasomwe ndani ya mkutano kama ilivyo sasa, mbele ya wenzako wenye haki ya kuuliza, maana fedha ni zao. Ujumbe wa simu unasomwa na mume, unasomwa na mtoto anayechezea simu, unatumwa mbele kwa kidole kimoja. Kadhalika mfuko wa jamii: atajwe kiasi kilichotoka, asitajwe aliyepewa wala ugonjwa wake. Zipo simu zinazokaguliwa nyumbani, na wapo wanachama ambao akiba yao ndiyo kinga pekee waliyonayo. Mnaelewa, sitaendelea.

Neno la siri la mfumo lisikae kwa mtu mmoja. Mnazo tayari funguo tatu, igeni hilo hilo: anayeingiza hesabu asiwe anayezithibitisha, na namba ya simu inayopokea ujumbe wa uthibitisho iwe ya mtu wa tatu. Namba hiyo iwe ya kikundi, isiwe ya binti wa mtu anayeelewa kompyuta. Binti ataolewa, atahama, na laini ataondoka nayo. Na kabla hamjachagua mfumo wowote, waulizeni wenye nao maswali matatu: mmesajiliwa wapi, taarifa zetu mnazihifadhi wapi na nani mwingine anaziona, na tukitaka kuondoka tunaondokaje na hesabu zetu? Akibabaika kwenye swali moja, mshukuruni, mpeni soda, aende.

Ningependekeza mjaribu kwa mzunguko mmoja tu, vyote viwili kwa pamoja. Siku ya kuvunja kikoba na kugawana, mlinganishe daftari na simu shilingi kwa shilingi, kabla mtu hajashika mgao wake. Kukiwa na tofauti hata ya mia tano, itafutwe pale pale.

Mheshimiwa Mwenyekiti, ajenda hiyo nimeona mmeiweka baada ya chakula, na kura itapigwa kwa wanachama peke yao, wageni tukiwa nje. Ni sahihi. Ombi langu ni moja, wenye vitochi wasemeshwe kwanza.